Uzi kuhusu uzi mmoja: praima zimekaa wiki tatu kwenye joto na zinadunda, RNA imekufa kabla ya chakula cha mchana. Nani anaikata?

#1 Kidagaa wa Maabara

Wakuu, habari za jioni. Naenda moja kwa moja.

Niliagiza praima kutoka nje. Kwa wasiozijua, praima ni DNA ya uzi mmoja, kipande kifupi tu cha herufi kama ishirini. Zikafika Dar, zikakwama kwenye ofisi moja ya mizigo wiki tatu kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri. Chumba hakina kiyoyozi, na mnajua Dar ya Februari. Nilipoenda kuzichukua, gundi ya bahasha ilikuwa imeyeyuka imeshika vidole. Nikajisemea basi, hela imekwenda. Nikaziyeyusha kwa maji, nikapiga PCR (njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA), mstari ukatoka safi kama hakuna kilichotokea.

Wiki hiyohiyo nikatoa RNA, binamu wa DNA, kwenye mbu. Glovu nimevaa, barafu ninayo, meza nimeifuta mara mbili. Saa nne asubuhi nimemaliza, mashine ya kupima mwanga inanipa uwiano wa usafi wa 2.05, nikafurahi peke yangu. Saa nane mchana naipitisha kwenye jeli, ile inayopanga vipande kwa urefu: badala ya mistari miwili ya kwenye vitabu, naona mmoja, na chini yake kama moshi. Msimamizi wangu aliitazama picha sekunde tatu. "Imekufa hiyo. Rudia."

Praima ni uzi mmoja. RNA ni uzi mmoja. Kwa nini mmoja unavumilia wiki tatu kwenye joto na mwingine haufiki saa nane? Ile ya "RNA haina uimara" nimeshaisoma, msinirudishie. Nataka kujua nani hasa anaikata.

#2 Ngoja Waje

Nipo siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Cherehani ya Kariakoo

Nimefungua uzi nikidhani ni uzi. Mimi nauza uzi. Haya, endeleeni, nitajifunza.

#4 Bi Shomvi

Kidagaa, chukua karatasi uchore sukari ya raibosi. Kaboni namba 2 ina oksijeni na haidrojeni zinaning'inia. Kwenye sukari ya DNA, mahali hapohapo pana haidrojeni peke yake. Tofauti ni oksijeni moja, basi.

Lakini angalia imekaa wapi. Iko jirani kabisa na fosfeti inayounganisha herufi na herufi inayofuata. Ikinyang'anywa haidrojeni yake, inageuka inaishambulia ile fosfeti na uzi unakatika palepale. RNA inatembea na kisu chake mfukoni.

Ushahidi wake ni wa kizamani na mtu yeyote anaweza kuufanya. Weka DNA kwenye alkali kali: nyuzi mbili zinaachana, lakini kila uzi unabaki mzima. Weka RNA kwenye alkali hiyohiyo usiku kucha, asubuhi una supu ya herufi mojamoja.

#5 Fundi Pipeti

Bi Shomvi, kemia yako ni sahihi ila umemshika mtu asiyehusika. Kisu cha mfukoni kinahitaji alkali, au joto, au muda mrefu. Huyu kijana alikuwa kwenye barafu, bafa ya kawaida (maji yanayozuia uasidi kubadilika), saa nne mpaka saa nane. Kwa muda huo RNA haijikati yenyewe ikaisha.

Anayekata ni kimeng'enya, wenyewe tunakiita RNezi. Kiko kwenye jasho, kwenye mate, kwenye ngozi inayopukutika, kwenye vumbi. Ile RNezi A ya ng'ombe ni kiprotini kidogo cha amino asidi 124, kimefungwa kwa madaraja manne ya salfa. Ukikichemsha kinakunjuka, kikipoa kinajikunja upya na kurudi kazini. Christian Anfinsen alipata Nobel ya kemia mwaka 1972 kwa kuonyesha jinsi kinavyojikunja chenyewe. Kwa hiyo ukisema "nilichemsha vifaa" hujasema kitu.

Jambo la pili: DNezi inayokata DNA inahitaji magnesiamu. Ukiwa na EDTA, kemikali inayokamata madini, kwenye bafa, unainyima chakula, inalala. RNezi haihitaji madini yoyote. Praima zako zilikuwa kwenye bafa yenye EDTA, RNA haikuwa na mlinzi.

Swali moja tu: feni ya maabara ilikuwa inawaka?

#6 Kidagaa wa Maabara

Mkuu Fundi, asante. Ila rudi #1, nimeandika niliziyeyusha kwa maji. Hakuna EDTA hapo.

#7 Fundi Pipeti

Sawa, hilo nalifuta. Ya feni hujajibu.

#8 Msomi wa Usiku

Mbona rahisi. RNA ina herufi ya yurasili badala ya thaimini, ndiyo maana dhaifu. Form six hiyo.

#9 Bi Shomvi

Msomi, unamsingizia jirani. Yurasili haikati mgongo wa uzi. DNA inatumia thaimini kwa sababu nyingine: saitosini, herufi nyingine, ina tabia ya kuoza taratibu ikawa yurasili, na kwa kuwa yurasili haitakiwi kwenye DNA, mafundi wa seli wakiiona wanajua hapo pameharibika na wanarekebisha. Kama yurasili ingekuwa halali mle, wangejuaje?

Na kwa faida ya mada: saitosini inaoza hivyo haraka zaidi DNA ikiwa uzi mmoja, zaidi ya mara mia ukilinganisha na ikiwa imepacha, yaani nyuzi mbili zimeshikana. Kwa hiyo hata praima si chuma cha pua.

#10 Mtoto wa Mbagala

Samahani wakuu, hii DNA ndiyo ile ya kupima mtoto kama ni wako?

#11 Ngoja Waje

@Mtoto wa Mbagala hiyo nenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kuna nini nyumbani, tuambie.

#12 Mtoto wa Mbagala

Nauliza tu.

#13 Daktari wa Mtaa

Tatizo mnafananisha vitu visivyofanana. DNA ya uzi mmoja haipo kwenye maumbile. DNA ni mbili siku zote, tangu Watson na Crick 1953. Hizo praima ni za kutengenezwa kiwandani, lazima wameziwekea dawa.

#14 Mhogo Mchungu

Daktari, pita shamba lolote la mihogo ukatafute majani yenye batobato, yale yaliyokunjamana yenye mabaka ya njano. Kirusi chake ni DNA ya uzi mmoja. Kina mizunguko miwili, kila mmoja una herufi kama 2,800, kinabebwa na nzi weupe. Aliyeandika habari zake kwanza ni Mjerumani Warburg, mwaka 1894, hukuhuku Afrika Mashariki. Milia ya mahindi nayo ni ukoo huohuo. Kiwanda gani hicho?

Mhogo wenyewe ni darasa la mada hii. Batobato ni DNA ya uzi mmoja, michirizi ya kahawia ni RNA ya uzi mmoja, herufi kama 9,000. Storey aliielezea akiwa Amani kule Usambara, 1936. Batobato unaiona juu kwenye jani. Michirizi unaweza kupita shamba ukasifia, ukija kung'oa unakuta mizizi imeoza ndani kama kizibo cha chupa. Pale Mikocheni, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wamehangaika na magonjwa haya mawili miaka mingi.

Sasa kisa changu. Mwaka mmoja nilibana majani kwenye gazeti, mengine ya batobato, mengine ya michirizi. Nikayasahau kwenye buti la gari miezi miwili. Nilipoyapima, batobato ilitoka kama jana. Michirizi, sampuli sita, imetoka moja na kwa shida. Kwa hiyo Kidagaa namwelewa kabisa.

#15 Bi Shomvi

Nyongeza kwa Daktari wa Mtaa: kuna kirusi cha bakteria kinaitwa phiX174. Mwaka 1959 Robert Sinsheimer alionyesha kwamba DNA yake ni ya uzi mmoja. Moja ya dalili: hesabu ya herufi ya adenini haikulingana na ya thaimini, na guanini haikulingana na saitosini. DNA iliyopacha lazima zilingane, maana kila mmoja ana mwenzake. Zisipolingana kuna wajane humo. Kina herufi 5,386, na Fred Sanger na wenzake waliisoma mwaka 1977.

#16 Daktari wa Mtaa

Nimeelewa. Ila "wajane" umetisha dada.

#17 Hesabu Haidanganyi

Mhogo Mchungu, kisa chako kizuri ila kina tundu. Batobato ikiingia kwenye seli ya mhogo haibaki uzi mmoja. Inatengenezewa mwenzake kwanza, inakuwa DNA pacha ndani ya kiini, ndipo inanakiliwa. Jani lako lina aina zote mbili. PCR yako haiwezi kukuambia ilishika ipi. Huenda iliyovumilia kwenye buti ni ile pacha.

#18 Mhogo Mchungu

Hapo umenikamata. Sikuwahi kulifikiria hilo, na nimeshaisimulia hii kwenye semina mbili.

#19 Hesabu Haidanganyi

Usijali. Mimi nina maelezo mengine kabisa, hayahitaji kisu wala kimeng'enya. Ni urefu.

Chukulia kila kitu kinakatwa sawasawa: kwa wastani mkato mmoja katika kila viungo 1,000, popote pale. Praima ya herufi 20 ina viungo 19. Kati ya praima 100, karibu 98 hazijaguswa. RNA kubwa ya raibosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini) ya herufi 4,000 itakatwa wastani wa mara nne. Zitakazobaki nzima ni kama 2 katika 100. Uharibifu ni uleule, ila kwenye jeli moja inaonekana hai na nyingine marehemu.

Isitoshe, kwenye PCR unamwaga praima nyingi kupita mahitaji. Hata nusu zikifa, mstari unatoka. Kidagaa hujui hata kidogo kama praima zako ni nzima. Unajua tu kwamba zimetosha.

#20 Fundi Pipeti

Nakubali hesabu, nakataa "kila kitu kinakatwa sawasawa". Hilo ndilo swali lenyewe, wewe umelifunga mwanzoni.

#21 Mama Dagaa

Jamani mimi maabara sijaingia tangu nimalize chuo, siku hizi nafanya biashara. Dagaa wa Mwanza wanasafiri mpaka Dar kwenye gunia, juu ya basi, na jua lote lile. Samaki mbichi umwache saa tatu uone. Hakuna anayeuliza kwa nini, wamekauka.

Praima zinakuja zimekaushwa. Ukifungua tyubu unaona kama tupu, unaweza kulia. Bila maji kemia ya Bi Shomvi haiendi, na kimeng'enya cha Fundi Pipeti hakitembei. Kidagaa amelinganisha dagaa mkavu na samaki mbichi halafu anashangaa.

#22 Kidagaa wa Maabara

Mama Dagaa, shikamoo. Hilo limenigusa. Ila praima zilizoyeyushwa nimeziacha mezani siku mbili kwa bahati mbaya, na bado zinafanya kazi.

#23 Mama Dagaa

Marahaba. Siku mbili siyo wiki tatu. Jibu swali la feni.

#24 Baharia Mstaafu

Tukiongelea barafu. Zamani mashine yetu ya barafu iliharibika siku ya kazi kubwa. Kijana mmoja akakimbia Feri, akarudi na ndoo ya barafu ya samaki. Ilikuwa ya kijivu na imechanganyika na magamba. Tukachomeka tyubu humo, hatukuwa na la kufanya. Vifuniko vilikuwa vimefungwa vizuri, lakini ukifungua tyubu maji ya barafu yanashuka na kidole. Chumba kizima kilinuka samaki changu. RNA ya siku ile hatukuiona tena, hata moshi haukuwepo. DNA ya sampuli zilezile tuliitumia mpaka mwaka uliofuata.

Kidagaa, barafu yako ilitoka wapi?

#25 Kidagaa wa Maabara

Ya mashine mzee. Naapa.

#26 Kisima cha Mbezi

Na maji? Maana Dar wengi tuko kwenye visima, na maji yetu ukichemshia chai birika linapata ukoko mweupe. Ule ukoko ni kalsiamu na magnesiamu. Kama mtambo wa kuchuja maji ya maabara umechoka, madini yanapita. Magnesiamu na joto vinakata RNA bila kimeng'enya chochote. Kuna wanaoikata RNA kwa makusudi hivyo, wanaipasha nyuzi joto 94 na magnesiamu dakika chache ili wapate vipande vya kusoma.

#27 Cherehani ya Kariakoo

Hizo nyuzi 94 ni za joto au za DNA? Nimeshapotea.

#28 Kisima cha Mbezi

Za joto mkuu. Lugha yetu imetubana hapa.

#29 Bi Shomvi

Kisima amenirudishia kesi yangu. Ni kisu kilekile cha kaboni namba 2, magnesiamu inakinoa tu.

#30 Fundi Pipeti

Kwenye barafu, Bi Shomvi. Kwenye barafu.

#31 Mmakonde wa Newala

Kwa kuwa mada ni mbu na RNA: chikungunya ni RNA ya uzi mmoja, herufi kama 11,800, na ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kwetu, uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Hata jina ni letu, maana yake ni kile kinachompinda mtu. Bibi yangu alikuwa akiionyesha kwa kutembea ameinama, mikono kwenye magoti. Mnaosema RNA haivumilii joto, hiyo inakaa kwenye tumbo la mbu wa pwani siku nyingi tu na ikitoka inampinda mtu.

#32 Hesabu Haidanganyi

Inakaa imevaa. Ndani kuna ganda la protini, nje kuna utando wa mafuta. Kidagaa yeye ameivua nguo zote akaiweka mezani.

#33 Msomi wa Usiku

Ndiyo maana chanjo za korona za mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya protini) zilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri.

#34 Bi Shomvi

Ya Pfizer ndiyo. Ya Moderna ilihifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na zote mbili ni mRNA. Ingekuwa ni udhaifu wa uzi peke yake, zingehitaji baridi moja. Vifuko vya mafuta vinavyoibeba navyo vina masharti yao.

#35 Msomi wa Usiku

Leo nimeamkia upande gani jamani.

#36 Nzi Mweupe

Nimechelewa, nilikuwa shamba. Nimesoma wote kuanzia juu na sielewi mmepitaje hapa bila kusimama. Kidagaa, umesema MBU?

Maswali mawili. Kabla ya kuiweka kwenye jeli, uliipasha moto? Na mstari uliouona, ulikuwa mahali gani?

#37 Kidagaa wa Maabara

Ndiyo, Aedes, wale wenye madoa meupe miguuni. Nilichanganya na fomamaidi, nikapasha nyuzi joto 70 dakika kumi ili ijinyooshe, nikairudisha kwenye barafu. Mstari uko kwenye usawa wa 2,000 hivi kwenye ngazi, vile vipande vya urefu unaojulikana vya kulinganishia.

#38 Nzi Mweupe

Basi huenda hujaua kitu.

Vitabu vyote vinakuonyesha jeli ya mtu au panya: mstari wa juu ni RNA kubwa ya raibosomu, 28S, herufi kama 5,000, wa chini ni 18S, kama 1,900. Wadudu wengi hawako hivyo. Ile 28S yao imekatwa katikati na seli yenyewe, mbu akiwa hai, anapaa, anakung'ata. Vipande viwili vinaendelea kushikana kwa sababu herufi zao zimepatana, na raibosomu inafanya kazi kama kawaida. Tunauita mpasuko uliofichika. Kwenye nondo wa hariri ulionekana tangu miaka ya 1960.

Ukiipasha moto, mshikano unaachia. Kila nusu ina ukubwa unaokaribiana na 18S. Zote tatu zinakimbia pamoja na unaona mstari mmoja, mnene, kwenye 2,000. Mstari wa juu haujafa, umeshuka chini.

Kwenye nzi weupe niliwahi kutupa RNA ya miezi mitatu kwa sababu hii. Miezi mitatu! Nilikuwa nawakamata wadudu kwa kufyonza na mrija, mmojammoja, mgongo wa jani la mhogo, jua la saa saba, halafu mtu anakwambia "imekufa, rudia". Hakuna aliyeniambia mpaka nilipokaa karibu na mzee mmoja kwenye mkutano.

#39 Ngoja Waje

Sasa wamekuja.

#40 Kidagaa wa Maabara

Mkuu Nzi Mweupe, nimesimama kwenye daladala nasoma hii, nimepitiliza kituo.

#41 Fundi Pipeti

Nondo nzuri, nimeijua leo. Lakini moshi? Mpasuko uliofichika unatoa vipande viwili vinavyojulikana. Hautoi moshi. Moshi ni kukatwakatwa hovyo, na kukatwa hovyo kuna mwenyewe.

#42 Nzi Mweupe

Moshi kidogo upo daima, kuna mRNA za kila urefu humo. Inategemea ni mwingi kiasi gani. Na si wadudu wote wana huo mpasuko, kuna vidukari hawana. Kwa hiyo siapi kwa sampuli ambayo sijaiona.

#43 Hesabu Haidanganyi

Na mimi nina wasiwasi na hiyo "2,000 kwenye ngazi". Ngazi gani? Kama ni ngazi ya DNA pacha, umepima nguo kwa futi ya fundi mwashi. RNA ya uzi mmoja haikimbii sawa na DNA pacha ya herufi zilezile. Na kama jeli yenyewe haikuwa na fomaldihaidi, RNA ikiingia mle inaanza kujikunja upya. Uzi mmoja haimaanishi umenyooka. Tupa kamba ya ngalawa chini uone kama italala mstari.

#44 Kidagaa wa Maabara

Ngazi ya DNA. Jeli ya kawaida ya agarosi. Ndiyo tuliyonayo.

#45 Bi Shomvi

Nami niulize la 2.05. Mbona unalitaja kama cheti? Uwiano huo unakuambia hakuna protini nyingi, haukuambii kama uzi ni mzima. Mashine haioni urefu. Vipande vya herufi tatutatu vitakupa namba nzuri tu, hata mwanga vinafyonza zaidi kidogo.

Halafu mashine ulipoisoma, uliiweka kwenye RNA? Kwa kipimo kimoja cha mwanga, DNA pacha tunahesabu mikrogramu 50 kwa mililita, RNA 40, DNA ya uzi mmoja 40 pia.

#46 Hesabu Haidanganyi

DNA ya uzi mmoja ni 33, Bi Shomvi. RNA ndiyo 40.

#47 Bi Shomvi

Kweli, 33. Nimeandika haraka, chai ilikuwa inamwagika.

#48 Kidagaa wa Maabara

Wakuu… iliachwa kwenye DNA pacha. Mtu aliyenitangulia alikuwa anapima plasmidi, DNA pacha ya mviringo. Sikubadilisha.

#49 Hesabu Haidanganyi

Basi uliposoma 100 ulikuwa na 80. Umeweka kidogo kuliko ulivyodhani. Mstari wa juu ungeweza kuwepo na usiuone.

#50 Mtoto wa Mbagala

Kwa hiyo mpaka sasa wauaji ni wangapi? Naona sukari, jasho, maji ya kisima, urefu, unyevu, mbu mwenyewe, na mashine.

#51 Ngoja Waje

Na karatasi iliyokosa muhuri.

#52 Kidagaa wa Maabara

Mrejesho, siku tatu baadaye. Umeme ulikatika juzi, jana nikapata nafasi.

Nimechukua RNA ileile iliyobaki kwenye friza, nikaigawa mara mbili. Nusu sikuipasha moto kabisa. Nusu nyuzi joto 70 dakika kumi. Nimeweka nyingi zaidi kama alivyosema Hesabu, tena kwa kipimo sahihi.

Isiyopashwa: mistari miwili! Wa juu upo, mwembamba, umefifia kuliko wa chini. Iliyopashwa: mmoja tu, palepale. Moshi upo kwenye zote, na kwenye iliyopashwa umezidi kidogo.

#53 Nzi Mweupe

Mpasuko uliofichika. Sina la kuongeza.

#54 Fundi Pipeti

Wa juu ungekuwa mnene kuliko wa chini kama RNA ni nzima. Umefifia, na moshi upo. Imeliwa nusu. RNezi.

#55 Bi Shomvi

Moshi umezidi kwenye iliyopashwa. Joto, sukari, kisu. Nawatakia usiku mwema.

#56 Kisima cha Mbezi

Hakuna aliyeuliza alitumia maji gani kuiyeyusha.

#57 Hesabu Haidanganyi

Sampuli moja, jeli moja. Rudia mara tatu halafu tuzungumze.

#58 Mhogo Mchungu

Msimamizi amesemaje?

#59 Kidagaa wa Maabara

Nimemwonyesha mistari miwili, nikamweleza habari ya mbu na mpasuko. Akaitazama picha safari hii kama dakika nzima. Akasema, "Inafurahisha. Rudia."

#60 Fundi Pipeti

Kijana, hii ni mara ya nne sasa. Feni.

#61 Kidagaa wa Maabara

Ilikuwa inawaka mkuu. Ila ilikuwa imeelekezwa kwa msimamizi.